Mwongozo kamili: namna ya kumnasa mkimbiaji wa NFL aliyesahaulika na kumficha benchi kabla ligi yako haijamstukia

Kila msimu wa NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani) kilio cha wacheza fantasi, ule mchezo wa kujipangia timu ya wachezaji halisi na kuvuna pointi zao, ni kile kile, mtu anaandika Jumanne kwamba kuna mkimbiaji kalipuka na yadi 150, afu akienda weiva (sehemu ya kuomba wachezaji wasio na mwenyewe, ligi nyingine kwa mnada) anamwaga nusu ya bajeti yake na bado jirani anampiga bao. Wiki inayofuata anarudia tena. Wengi wanadhani wana gundu, kumbe wanamtafuta mtu ambaye kazi keshapata, wakati wa kutafutwa ni yule ambaye kazi iko njiani inakuja na kwenye ligi hakuna anayemtaka hata bure.

Hapa nachukulia kwamba fantasi ya NFL unaicheza tayari na raningibeki unamjua, huyo ndo mkimbiaji ninayemsema humu mwanzo mwisho. Kama umetokea FPL (fantasi ya Ligi Kuu ya England) shika kitu kimoja: huku mchezaji mmoja ana mwenyewe mmoja tu kwenye ligi yenu, hakuna mambo ya kila mtu kuwa na Haaland. Akishachukuliwa ndo basi. Kwa hiyo benchi huku ni mali, na watu wengi wanaijaza takataka.

## Vitu vya kuwa navyo

- Programu unayochezea (Yahoo, ESPN, Sleeper, yoyote ile) pamoja na ukurasa wa sheria za ligi yenu
- Jedwali tupu lenye mistari 32, la kwenye simu au la daftarini
- Sehemu ya kuangalia snapu za kila mchezaji (mara ngapi alikuwa uwanjani mpira ukianzishwa), Pro Football Reference wanaziweka bure
- Ripoti za majeruhi za wiki, kwa timu zinazocheza Jumapili zinatoka Jumatano, Alhamisi na Ijumaa
- Mwandishi mmoja au wawili wanaoshinda kwenye mazoezi ya timu unayoifuatilia, wale wa magazeti ya mji husika na sio wachambuzi wa kitaifa
- Alamu

Alamu sio utani. Mechi za kwanza za Jumapili ni saa 7 mchana kwa saa za New York, kwa aliyeko Dar au Nairobi hiyo ni saa 2 usiku, na wenzetu wakirudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba inakuwa saa 3 usiku. Orodha ya wasiocheza inatoka dakika 90 kabla ya mechi. Ile mechi ya Jumapili usiku kwao, kwetu ni Jumatatu saa 9 na kitu alfajiri (saa 10 na kitu wakisharudisha saa nyuma), umelala fofofo.

## Hatua ya 1: Soma sheria za ligi yenu

Inachosha, najua, ila watu wanaruka hapa afu wanaiga ushauri wa ligi isiyofanana na yao.

Angalia vitu vinne. Mko timu ngapi, maana kwenye ligi ya watu 8 wakimbiaji wazuri wamejaa weiva na kuficha hakuna faida kubwa, ila mkiwa 12 au 14 weiva ni jangwa. Benchi ina nafasi ngapi. Kila pasi inayodakwa inahesabiwa pointi au hapana. Na kama mna nafasi ya majeruhi pembeni, maana hiyo ni kabati ya bure, mchezaji aliyevunjika unamweka huko na benchi yako inabaki wazi.

Benchi ikiwa na nafasi 5 au 6 ficha wawili. Wanne hapana. Ikifika wiki ya 7 na wachezaji wako wengine wako mapumziko (timu zao hazichezi wiki hiyo) utakosa watu wa kupanga, utapoteza mechi ukimlinda mtu ambaye hajagusa mpira.

## Hatua ya 2: Jaza timu zote 32

Kwa kila timu andika majina matatu: anayeanza, anayemfuata, na wa tatu. Mbele ya kila jina andika anafanya kazi gani, yaani nani anapewa mpira karibu na mstari wa goli, nani anaingia ile jaribio la tatu (timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10) timu ikihitaji yadi nyingi, na nani anakuwepo dakika mbili za mwisho timu ikiwa nyuma.

Tahadhari: usiijaze kwa kunakili orodha rasmi ya timu. Ile mara nyingi inaandaliwa na watu wa mawasiliano na inampanga mzee juu kwa heshima tu. Angalia mechi za maandalizi za Agosti, na usihangaike na nani kafunga, angalia nani alikuwa uwanjani pamoja na kotabeki (mrusha pasi) wa kwanza. Na mchezaji mdogo ambaye hajapewa mkataba mkubwa akipumzishwa mechi ya mwisho ya maandalizi, hiyo ni habari kubwa kuliko tachidauni (kufikisha mpira eneo la goli) mbili za robo ya nne dhidi ya watu watakaokatwa kesho yake.

Jedwali likiwa zuri utakuta timu 10 hivi ambazo jina la pili huna uhakika nalo. Hizo ndo shamba lako. Zile nyingine 22 zifunike kwanza.

## Hatua ya 3: Tafuta kazi inayoyumba

Hapa ndo penye utamu, na hapa ndo wengi wanafeli kwa sababu wanaanza na kipaji. Wanasikia "jamaa ana mbio balaa" wanamchukua, kumbe mbele yake kuna mtu mwenye afya, ana miaka 24, na timu imemwaga hela kwake. Huyo atakaa benchi yako mpaka Krismasi.

Anza na kazi. Jiulize aliyeko juu anaweza kuitoka vipi.

Timu yenyewe imeshaonyesha haimtaki. Leonard Fournette alichaguliwa wa 4 kwenye drafti ya 2017 (pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu), jina kubwa hasa. Mei 2020 Jacksonville wakakataa kumwongezea mwaka wa tano wa mkataba, na Agosti 31, siku chache kabla msimu haujaanza, wakamkata. Kazi ikaenda kwa James Robinson, kijana ambaye drafti yote ilipita bila jina lake kuitwa, na akamaliza na yadi 1,070 za kukimbia. Sasa kuna watu mpaka leo wanasema ile ilikuwa bahati nasibu. Kumjua Robinson mapema ilikuwa ngumu, nakubali, ila kujua kwamba kiti cha Fournette kinatikisika haikuwa ngumu hata kidogo, tangu Mei ilikuwa wazi. Washington wakafanya mambo ya aina hiyo Agosti 2025, wakamuuza Brian Robinson Jr. kwa 49ers (timu ya San Francisco) na kumpisha Jacory Croskey-Merritt, chipukizi wa raundi ya 7.

Aliyeko juu anapewa mpira na haendi popote. Tampa Bay 2024 walianza na Rachaad White, nyuma yake kuna Bucky Irving wa raundi ya 4. Kila wiki Irving alikuwa anapata mipira michache na anaifanyia kazi zaidi. Akaishia na yadi 1,122. Huyu hakuhitaji mtu aumie, alikuwa anaila kazi kidogo kidogo. Mimi aina hii naipenda kuliko zote, sababu huombi mtu avunjike.

Umri na maumivu. Mkimbiaji wa miaka 28 au 29 aliyebeba mipira mingi msimu uliopita, au anayetajwa kwenye ripoti ya majeruhi na kitu kile kile kila wiki. Kigimbi na kano ya kisigino ni vya kuogopa, havitulii.

Kocha mpya. Kocha hana undugu na mchezaji ambaye hakumchagua yeye.

Ukimaliza, kila jina ulilobaki nalo liwe na sentensi moja mbele yake: "atapata kazi kama…" Sentensi ikigoma kuandikika mfute. Na ikiwa na "kama" mbili, mfute pia, maana mtu anayesubiri wawili waumie huyo sio akiba, ni kamari.

## Hatua ya 4: Mchuje mtu mwenyewe

Kazi ikiwa wazi sio kila anayefuata ataipata yote. Kuna timu anayeanza akiumia wanaigawa kazi kwa watatu na kila mmoja anakuletea pointi 6, hapo umepata hasara ya taratibu.

Cha kwanza angalia kama anajua kumlinda kotabeki. Mashabiki hawakipendi kitu hiki kwa sababu hakionekani kwenye pointi, ila kocha haoni usingizi akimfikiria kotabeki wake wa dola milioni 50 akipondwa na mtu wa kilo 120 kwa sababu chipukizi alikwepa kumzuia. Asiyeweza kuzuia anatolewa kwenye jaribio la tatu, na akitolewa hapo pasi nazo zimekwenda.

Cha pili ni pasi, anazidaka? Cha tatu, alishawahi kuifanya kazi hii kabla? Rico Dowdle alikimbia yadi 1,079 akiwa Dallas 2024, afu 2025 akaenda Carolina kukaa nyuma ya Chuba Hubbard. Watu wakamsahau kabisa, yaani mtu wa yadi elfu moja anazurura weiva. Oktoba Hubbard akaumia kigimbi, Dowdle akawapiga Miami yadi 206, wiki iliyofuata akawapiga Dallas wenyewe 183. Mtu wa hivi hakuhitaji upelelezi, alihitaji kukumbukwa tu.

Raundi aliyochaguliwa usiipe uzito mkubwa. Isiah Pacheco alikuwa wa 251 mwaka 2022, karibu na mkia kabisa, na akamtoa Clyde Edwards-Helaire aliyechaguliwa raundi ya kwanza. Chase Brown wa Cincinnati raundi ya 5. Kyle Monangai wa Chicago raundi ya 7, na 2025 D'Andre Swift alipokosekana akawakimbilia Bengals (hao hao Cincinnati) yadi 176. Raundi inakusaidia tu kujua timu itamvumilia mtu muda gani akikosea: wa raundi ya 2 atapewa nafasi nyingine, wa raundi ya 7 akiachia mpira mara mbili anaweza akakatwa Jumanne.

Tahadhari kubwa: timu inaweza kuleta mtu wa nje. Septemba 2023 Nick Chubb aliumia goti vibaya kule Pittsburgh, kila mtu akakimbilia Jerome Ford, sawa kabisa, ila ndani ya siku mbili Cleveland wakamrudisha Kareem Hunt. Ford alibaki na yadi nyingi, 813, ila Hunt akajibebea tachidauni 9 za kukimbia, zile za karibu na goli. Aliyekuwa na Ford hakulia sana, ila hakuipata ile sherehe aliyoitegemea. Kwa hiyo kabla hujaficha mtu jiulize pia ni nani mtaani hana timu na kocha huyu anamjua.

## Hatua ya 5: Soma snapu, pointi ziache

Msimu ukianza hii ndo kazi yako ya Jumatatu. Snapu ni kila mpira unapoanzishwa, na hesabu yake inakuambia nani alikuwa uwanjani hata kama hakupewa mpira.

Tuchukue mechi moja tuiangalie vizuri, wiki ya kwanza 2023, Rams (timu ya Los Angeles) kule Seattle. Cam Akers ndo mkimbiaji namba moja, Kyren Williams yuko nyuma yake, raundi ya 5 ya mwaka uliotangulia. Mechi ikaisha Akers kabeba mara 22, Williams mara 15. Ukiishia hapo unasema Akers bado bosi. Lakini Akers kwa hizo 22 alipata yadi 29, narudia, 29. Williams alipata 52 na tachidauni mbili. Halafu fungua snapu: Williams alikaa uwanjani muda mrefu kuliko Akers, tena kwa mbali, yaani Akers alikuwa anaingia kubeba mpira na kutoka huku Williams anabaki kuzuia, kukimbia njia za pasi, na kuwepo mambo yanapokuwa magumu. Kocha alishaamua, namba za kubeba tu ndo zilikuwa zinachelewa kusema.

Wiki ya pili Akers hakuvaa hata jezi. Siku chache baadaye akauzwa Minnesota. Williams akamaliza na yadi 1,144 katika mechi 12.

Kwa hiyo Jumatatu unatafuta mambo haya:

1. Wa pili ambaye snapu zake zinapanda wiki hadi wiki hata kama pointi hazipandi
2. Aliyeingia mechi ikiwa ngumu, sio matokeo yakiwa 34 kwa 10
3. Aliyeachwa uwanjani karibu na goli hata kama hakupewa mpira

Na unayetakiwa kumkimbia ni yule aliyefunga tachidauni mbili kwa snapu 9. Huyo ndo kila mtu atamgombania Jumanne, waache wamgombanie.

## Hatua ya 6: Mchukue kabla, sio baada

Ligi nyingi weiva inapita usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano kwa Marekani, wengine mkishaamka ndo mnaona matokeo. Baada ya hapo mpaka mechi zianze, mchezaji asiye na mwenyewe anachukuliwa bure, wa kwanza kufika ndo wa kwanza kupata. Dirisha hilo la Jumatano hadi Jumapili ndo la kuficha watu, na ligi nzima imelala.

Fuata ripoti za mazoezi. Mzee kukosa Jumatano mara nyingi ni mapumziko tu, usishtuke. Ila mtu aliyefanya mazoezi nusu Jumatano, nusu Alhamisi, afu Ijumaa hakufanya kabisa, hapo kuna jambo, nenda kamchukue msaidizi wake saa hiyo hiyo bila kusubiri mtu atangaze.

Mfano wa kuumiza: wiki ya kwanza 2024 Christian McCaffrey wa San Francisco alikuwa na shida ya kigimbi na kisigino tangu Agosti, kila mtu anajua, ila watu wakajipa moyo kwamba atacheza. Mechi ilikuwa Jumatatu usiku. Orodha ikatoka dakika 90 kabla, McCaffrey hayumo. Jordan Mason, ambaye drafti ilimpita, akabeba mara 28 kwa yadi 147. Afrika Mashariki ilikuwa Jumanne alfajiri. Aliyemchukua Mason Ijumaa alilipa sifuri na akalala vizuri.

Kama mna bajeti ya 100, akiba ya namna hii itengee dola 1 hadi 3, basi. Ukijikuta unataka kutoa 25 ujue umeshachelewa na humfichi tena mtu, unamnunua.

Ujanja mwingine: kama sheria zenu hazilazimishi, maliza drafti yenu bila mpiga mateke na bila safu ya ulinzi. Zile nafasi mbili weka wakimbiaji wawili wa jedwali lako, kaa nao zile siku za mwisho za Agosti timu zinapokata kikosi kufikia watu 53, uone kama kuna mlango utafunguka. Mlango usipofunguka unawaachia na kuchukua mpiga mateke saa chache kabla ya mechi ya kwanza, wako tele. Angalia tu saa, mechi ya kwanza ya msimu huwa kabla ya Jumapili.

## Hatua ya 7: Jua wa kumwacha na wa kumng'ang'ania

Watu wakishapata akiba nzuri wanaiachia wiki moja kabla haijaiva, nimeona mara nyingi sana, na kila mara sababu ni ile ile, "hajanipa kitu." Wewe unataka nini, ulimchukua kwa ajili ya kesho.

Kipimo sio pointi, rudi kwenye ile sentensi ya hatua ya 3. Bado inasimama? Kama aliyeko juu kapona na anapiga yadi 100 kila wiki, na snapu za mtu wako zimeshuka wiki mbili mfululizo, mwachie bila huruma. Kama snapu zimekaa pale pale na mlango bado unayumba, vumilia.

Mwezi nao unabadilisha mambo. Septemba na Oktoba ficha wasaidizi wa wakimbiaji wa wenzako, maana mtu wa mwenzako akiumia wewe unapata mchezaji yeye kapoteza. Kuanzia mwishoni mwa Novemba ikiwa unaelekea mtoano geuza, chukua msaidizi wa mkimbiaji wako mwenyewe, huna tena muda wa kupona pigo. Wale washika pasi wa tano na wa sita unaowabeba "just in case" watupe, wiki ya 15 hutawapanga.

Na mpaka Desemba endelea kufuatilia watu wasio na timu. C.J. Anderson 2018 alikuwa anazunguka tu, Rams wakamsajili Desemba goti la Todd Gurley likisumbua, wiki ya 16 akakimbia yadi 167 dhidi ya Arizona, ya 17 akaongeza 132. Kwa ligi nyingi hiyo wiki ya 16 ndo ilikuwa fainali, na kuna mtu alibeba hela za ligi kwa mchezaji aliyekuwa hana timu wiki moja nyuma.

## Ukikwama, angalia hapa

*Kila ninayemficha haivi.* Rudi hatua ya 3, huenda unapenda majina. Hesabu wangapi kati ya uliowaficha walikuwa nyuma ya mtu mwenye afya na mkataba mnono.

*Anaiva ila namwacha benchi.* Siku akitangazwa anaanza, mpange. Mkimbiaji mwenye mipira 15 hadi 18 ya uhakika unampanga hata kama jina lake linakutia mashaka, isipokuwa una wawili bora zaidi yake.

*Aliyeko juu anarudi wiki ijayo, nifanyeje?* Ukipata mtu wa kubadilishana naye akupe mchezaji wa kudumu, badilisha Jumanne ile ile pointi zikiwa bado za moto. Usipopata bei nzuri usimtoe bure, Carolina Hubbard aliporudi bado Dowdle aliendelea kupewa kazi, na kocha akishamwona mtu anakimbia yadi 206 hawezi kujifanya hajaona.